Kerlon Lendore na Wiketi ya Petit Fond

Dereva wangu Fitzroy alikataa kuwasha lori. Tulikuwa tumepakia maembe, maboga na mashelisheli tangu alfajiri, meli ya Trinidad inangoja bandarini Saint George's, na yeye amepanda juu ya bampa anaangalia mpira.

"Fitzroy, ingia garini."

"Dakika kumi tu, Tanti Verlyn." Hivyo ndivyo wote wananiita, tanti, yaani shangazi.

"Embe halijui dakika kumi."

"Tanti, nakuomba. Mwangalie yule wa kushoto. Mwangalie mara moja tu, halafu kama bado unataka tuondoke, tunaondoka."

Nikaangalia ili tumalize. Mimi si mtu wa mpira. Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa nikinunua mazao kwetu Grenada na kuyauza soko la Port of Spain, na katika kazi ile jicho hutafuta kasoro kwanza: doa kwenye ganda, uzito usiolingana na ukubwa. Nilimtazama yule kijana kwa jicho hilohilo. Mwembamba mno. Magoti yamechomoza. Soksi moja imeshuka hadi kwenye kiatu.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2001, Petit Fond, kijiji chetu, wanacheza na Gouyave. Pembeni mwa uwanja wa Petit Fond, upande wa kushoto, kuna mfereji wa zege wa maji ya mvua, na kati ya mfereji na mstari hapafiki hatua mbili. Kijana alipokea mpira hapo, mgongo wake kwa mfereji. Beki wa Gouyave, mvuvi mwenye mabega kama mlango, akaja kumbana. Kijana akausukuma mpira upande wa ndani wa beki, na yeye mwenyewe akapita nje. Nje palikuwa na mfereji. Akauruka kwa mguu mmoja, akagusa ukingo wa pili, akarudi uwanjani, akaukuta mpira wake unamsubiri nyuma ya yule mvuvi kama mbwa aliyeambiwa akae. Krosi. Kichwa. Goli.

Watu hawakupiga kelele mara moja. Kwanza walivuta pumzi wote kwa pamoja, na kwa muda kidogo walisahau kuitoa.

Fitzroy akanigeukia. "Haya, tunaondoka?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Sogea kidogo, unanikinga."

Meli tuliiwahi, lakini nahodha alikuwa ameshaanza kunitukana.

Kijana huyo ni Kerlon Lendore. Alikuwa na miaka ishirini na kazi yake ilikuwa kupiga plasta nyumba za watu. Saa tisa na nusu alikuwa akinawa chokaa mikononi, anavaa njumu, anakwenda uwanjani, na huko alibaki hadi mpira usipoonekana tena. Niliporudi wiki iliyofuata nikaenda kumtazama mazoezini. Wiki ya tatu pia. Nilitaka kujua kama nilichokiona kilikuwa cha siku moja. Hakikuwa cha siku moja. Kila mara alifanya jambo ambalo nilijua miguu ya binadamu haina ruhusa ya kulifanya, halafu akavuta soksi na kurudi nafasi yake kana kwamba ameweka ndoo chini.

Kule Trinidad nilikuwa namfahamu Hollis Quamina, kocha wa Carapo Rovers, timu ya ligi ya kulipwa. Mama yake alikuwa mteja wangu wa mashelisheli. Jumamosi moja alikuja naye sokoni kumbebea kapu, nikamwambia habari za Kerlon.

"Tanti," akasema, "kila mtu wa visiwa vidogo ana mpwa anayekimbia."

"Huyu si mpwa wangu. Angekuwa mpwa wangu ningekuficha kasoro zake. Ni mwembamba na hajui kuvaa soksi."

"Na uzuri wake?"

"Uzuri wake sina maneno yake. Mchukue wiki mbili. Atalala kwangu Belmont, atakula kwangu. Akiwa hafai, wewe umepoteza nini? Majani ya uwanja tu."

Mama yake akacheka. "Hollis, mpokee mtoto wa watu, nipate mashelisheli yangu tuondoke."

Wiki mbili hazikuhitajika. Siku ya pili ya majaribio Quamina alisimamisha mazoezi, akamwita Kerlon, akamuuliza ni nani aliyemfundisha kupita kwenye upenyo mwembamba namna ile. Kerlon akajibu, "Mfereji, Kocha." Quamina akadhani ni jina la mtu.

Mambo yakapangwa hivi. Timu ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki ya mchezaji wa kigeni. Kerlon angecheza kwa kibali cha muda hadi mwisho wa Septemba. Siku hiyo ama angepewa mkataba wa kweli, awe mchezaji wa kulipwa, ama angerudi Petit Fond kwenye plasta, na nafasi ingekwenda kwa Mjamaika mmoja aliyekuwa akiisubiri. Miaka ishirini si mingi, lakini kwa winga ndiyo umri ambao mlango ukifungwa haufunguliwi tena. Kerlon alilijua hilo. Alilala chumba cha nyuma kwangu na viatu vyake juu ya kiti, vimepigwa mswaki, kama mtu anayengoja usaili kila asubuhi.

Mechi ya kwanza aliingia dakika ya sabini na akatoa krosi mbili. Moja ikawa goli. Mechi ya pili alianza. Ya tatu mashabiki wa Carapo walikuwa wanahamia upande wake wa uwanja, na kipindi cha pili wanabeba viti vyao na kuhama naye. Niliona mwanamume mzima, mtu wa benki aliyevaa tai, ameshika kichwa kwa mikono miwili na kusema peke yake, "Hapana. Hapana, hapana." Kerlon alikuwa amempita beki kwenye kibendera cha kona, mahali pasipotosha kuweka kreti.

Kisha tukakutana na timu ya San Fernando, na beki wao wa kulia alikuwa Anil Sookdeo.

Sookdeo alikuwa na miaka thelathini na minne na goti lililofungwa bandeji. Kukimbia alishaacha. Kazi yake sasa ilikuwa kufikiri. Robo saa ya kwanza alimwangalia tu Kerlon, akapitwa mara tatu bila kukasirika. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akasimama juu ya mstari wa pembeni, akaifunga njia ya nje kabisa, na akaiacha ya ndani wazi. Wazi kabisa! Toka pale hadi golini palikuwa na uwanda mtupu, na kipa peke yake anatetemeka mwishoni.

Kerlon hakuingia.

Akaja na mpira hadi usawa wa boksi, akafika ukingoni mwa ule uwazi, na akauzunguka. Akarudi nyuma, akapinda, akatafuta njia ya nje ambako Sookdeo alikuwa akimngoja. Mpira ukanyakuliwa. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tano jukwaa la San Fernando lilikuwa limeshaamka.

"Wee Mgrenada! Kuna mbwa amelala hapo kati?"

"Mpeni ramani, jamani, mtu wa kisiwa kidogo hajazoea nafasi!"

"Anadhani akienda mbali hivyo ataanguka baharini!"

Quamina alikuwa amekauka sauti kwa kupiga kelele. "Ingia! Lendore, ingia ndani!"

"Ndiyo, Kocha!" Kerlon akaitikia, na hakuingia.

Ujanja ule ulisambaa. Kila beki wa ligi akawa anasimama nje na kuacha ndani wazi, na winga wangu akawa anazunguka hewa. Wale mashabiki wakaacha kuhama na viti. Katikati ya Septemba, ligi iliposimama kwa wiki mbili za sikukuu ya Jamhuri ya Trinidad, Quamina alikuja mwenyewe mezani kwangu sokoni.

"Tanti Verlyn, nimemweleza kwa upole. Nimemweleza kwa ukali. Nimemwekea koni. Nimemchorea ubaoni. Ananisikiliza kama mtoto wa kwaya, halafu anazunguka. Nina mechi moja kabla ya kuamua, na ni ya San Fernando haohao. Kwa sasa hivi jibu langu ni kwamba atarudi nyumbani pamoja na makreti yako matupu."

"Si mwoga," nikasema.

"Ningejua kama ni mwoga ningelala. Mwoga haruki mfereji. Huyu ana kitu, na sijui ni nini."

Alhamisi ile nilifunga meza mapema nikaenda mazoezini. Nilikaa nyuma ya goli, juu ya ndoo. Kerlon akaja na mpira kutoka kushoto, akafika usawa wa boksi, akapinda. Akaja tena, akapinda palepale. Mara ya nne nikaanza kuhesabu hatua alizotumia kuzunguka. Umbo lile nilikuwa nalijua. Nimelizunguka mwenyewe tangu utoto, kwenda shule, kwenda kanisani, nyuma ya jeneza la bibi yangu.

Alikuwa anaizunguka wiketi ya Petit Fond.

Kwetu uwanja ni mmoja, wa mpira wa miguu na wa kriketi. Na kwa kuwa upande wa mtoni ardhi inateremka, wiketi, ule ukanda wa udongo ulioshindiliwa ambapo kriketi inachezwa, imeangukia mbele tu ya goli la upande wa kanisa. Aliyeitunza kwa miaka thelathini, bila mshahara, ni Cuthbert Phillip, mstaafu wa kazi za barabara. Aliimwagilia kwa kopo, akaivutia rola ya chuma, akaizungushia mstari wa chokaa. Mpira wa miguu unaruhusiwa kuviringika juu yake, mguu hauruhusiwi. Mguu ukivuka chokaa, refa anapiga filimbi na ni faulo. Timu zote za wilaya yetu zinaijua sheria hiyo na hakuna anayeishangaa. Mazishi yanaizunguka. Mbwa wa pale wanaizunguka, Mungu ni shahidi wangu.

Na mazoezi yote ya Petit Fond hufanyika kwenye goli la upande wa kanisa.

Nilimngoja Kerlon anywe maji, nikamwita. "Ukifika pale unaona nini?"

"Sioni kitu, Tanti. Najua ni majani." Aliangalia viatu vyake. "Nikiwa kitandani naingia vizuri tu. Nikifika pale, mguu unageuka wenyewe."

"Ni wiketi ya Cuthbert."

Akaangalia goli, kisha majani yaliyo mbele yake. Halafu akacheka, lakini si kwa furaha. Akaniambia habari ambayo Petit Fond nzima tulikuwa tunaijua nusu. Akiwa na miaka tisa aliikanyaga wiketi mara moja, na njumu za kaka yake, siku ya mvua, akifuata mpira. Hakuna aliyemwona. Jumapili yake, kwenye mechi ya kriketi dhidi ya Saint David, mpira uligonga alama ya njumu, ukaruka vibaya, ukampiga nahodha wetu Rawle mdomoni. Meno mawili ya mbele. Kesho yake Cuthbert alipita nyumba kwa nyumba na kijiti alichokikata kwa urefu wa ile alama, akipima miguu ya watoto.

"Alipofika kwetu nilikuwa nimejificha kwenye tangi la maji," Kerlon akasema. "Hakunipata. Lakini Rawle ni jirani, Tanti. Kila asubuhi ananiambia 'habari za leo' na ninaona pengo."

Quamina alikuwa amesimama nyuma yetu na amesikia yote. Mwanzo nilidhani atacheka. Akavua kofia, akajipangusa uso.

"Umbo lote lile amelibeba kichwani?" akauliza. "Kila hatua? Na ameliweka hapa, kwenye uwanja usio na wiketi?" Akaitazama ile sehemu tupu ya majani kama mtu aliyeonyeshwa kaburi ndani ya sebule yake. "Tanti, wachezaji wangu siwezi kuwafanya wakumbuke kona moja."

"Kushangaa baadaye," nikamwambia. "Nipe wiki mbili za mapumziko, na huyu aje nami nyumbani."

Cuthbert nilimkuta amepiga magoti juu ya wiketi, peku, anajaza nyufa kwa kidole. Nilisimama nje ya chokaa.

"Bwana Phillip, habari ya udongo?"

"Mbovu, Miss Verlyn. Huu wa mto wetu mwepesi. Jua likiwaka unapasuka kama kisigino." Hakuinua kichwa. "Trinidad ndiko kuna udongo. Mzito, mweusi. Ukiushindilia unang'aa."

Hilo nilikuwa nalijua. Amelisema kwa miaka kumi kwa kila mtu anayesafiri, na kila mtu amemwitikia na kusahau.

"Ukipata udongo wa Trinidad, huu wa zamani unaufanyaje?"

"Unachimbwa wote. Huwezi kuchanganya."

"Unachimbwa wote," nikarudia. "Basi siku moja kabla ya kuchimbwa, ukiharibika haijalishi."

Sasa akainua kichwa. Si mjinga, Cuthbert. "Unataka nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, vidole vimejaa matope.

"Kwa hiyo ni yeye," akasema. "Kwenye tangi sikuangalia."

"Alikuwa na miaka tisa."

"Rawle alikuwa na meno." Akasimama, magoti yakalia. "Magunia ishirini."

"Kumi."

"Ishirini, na mafuta ya rola."

"Kumi na mawili. Meli si yangu, Bwana Phillip."

"Anakanyaga mara ngapi?"

"Mchana mzima."

"Na njumu?"

"Na njumu."

Alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. "Kumi na sita. Na yote yafike kwanza. Sitaki nusu, sitaki 'wiki ijayo'. Niyaone hapa, niyashike."

Magunia kumi na sita ya udongo yalisafiri kwa meli ileile iliyokuwa ikinibebea maboga, na mtu wa forodha aliniuliza mara tatu kama Grenada tumeishiwa na ardhi. Jumatano yalikuwa yamepangwa ukutani mwa kanisa. Cuthbert alifungua kila moja, akanusa. Jumamosi akasema sawa.

Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini saa tisa Petit Fond yote ilikuwa uwanjani, nguo za Jumapili siku ya Jumamosi, na chungu cha mashelisheli ya nazi kimeinjikwa kando ya mfereji. Hawakuja kwa ajili ya mpira. Walikuja kuona mtu akiikanyaga wiketi.

Kerlon alisimama kwenye mstari wa chokaa na mpira mguuni. Hakuweza. Alisogea, akasimama. Akarudi nyuma, akaja mbio, na palepale mguu ukageuka, akazunguka. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata sisi watazamaji tulikuwa tumeegemea pembeni pamoja naye, umati mzima, kama watu ndani ya basi kwenye kona.

Mara ya tatu ikawa hivyohivyo. Mwanamke mmoja akaanza kuomba dua kwa sauti ndogo.

Halafu Rawle, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne, akatoka kwenye umati na kijiko cha chakula mkononi. Akaenda hadi chokaani.

"Kerlon!"

"Ndiyo, Bwana Rawle."

"Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

Rawle akatafuna, akameza. "Miaka kumi na moja nimemsingizia mtoto wa mwalimu. Kila Krismasi simpi pipi." Akamnyooshea kijiko. "Sasa sikiliza. Meno hayarudi hata usimame hapo hadi Pasaka. Ingia, bwana, chakula kinapoa!"

Kicheko kilivunjika uwanja mzima, na ndani ya kile kicheko Kerlon akavuka. Kicheko kikakatika. Tuliusikia udongo: njumu zinauma, kru, kru, kru, sauti ambayo hakuna mtu wa umri wangu aliyewahi kuisikia pale. Cuthbert alikuwa ameugeukia ukuta wa kanisa.

Akapiga shuti. Likaenda juu, likaangukia makaburini. Akaufuata mpira, akarudi, akaja tena. Mara kumi. Mara ishirini. Wachezaji wa Petit Fond wakaingia kumkaba, kwanza wakikanyaga kwa ncha za vidole, halafu bila kujali. Na hapo, juu ya ule udongo mgumu ambao ulishika njumu kuliko majani, nikamwona Kerlon Lendore mzima. Nilikuwa nimesimama mbele ya wateja na kumsifu, nikagombana na kocha kwa ajili yake, na kumbe nilikuwa nimeona ubavu mmoja tu. Alikuwa anakuja kwa kasi ileile, na sekunde ya mwisho nje na ndani vilikuwa sawa kwake. Beki anachagua, na alichochagua ndicho kosa. Wazee waliokuja kuona dhambi wakaanza kusimama kila alipopokea mpira. Mimi pia nilisimama, na sina kawaida ya kusimama bila sababu ya kibiashara.

Jua liliposhuka wiketi ilikuwa kama shamba lililolimwa na nguruwe. Cuthbert akageuka hatimaye. Akaitazama muda mrefu.

"Kona ile pale hujaigusa," akamwambia Kerlon. "Kama unaharibu, haribu yote, nisipate tabu na sururu kesho."

San Fernando walikuja Carapo Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa kumi alasiri. Quamina alikuwa na karatasi mbili mfukoni, moja ya Kerlon na moja ya Mjamaika. Aliniambia hivyo mwenyewe; hakuwa mtu wa kuficha.

Sookdeo alijiweka palepale, juu ya mstari, njia ya ndani wazi kama mlango wa duka. Dakika ya nane Kerlon akaja. Jukwaa lao likaanza kuimba, "Zunguka! Zunguka!" Akaingia ndani. Alikatiza katikati ya uwazi ule, hatua tano, sita, hakuna mtu, kipa ameduwaa, na nadhani yeye mwenyewe aliduwaa zaidi. Alipiga mpira ukapita juu ya goli, juu ya uzio, ukadundia barabarani mbele ya gari la polisi.

San Fernando walicheka hadi wakashikana. Quamina aliingiza mkono mfukoni na nikaogopa ni karatasi gani anaishika.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Sookdeo. Sookdeo hakucheka. Alisogea hatua moja ndani. Moja tu.

Dakika ya ishirini Kerlon akaingia tena, shuti likapanguliwa. Sookdeo akasogea hatua ya pili. Kipindi cha pili alikuwa katikati, wala nje wala ndani, mikono imetanuka kama mtu anayezuia kuku. Akamwita mwenzake aje kumsaidia, wakawa wawili. Watu wa Carapo wakaanza kuinuka na viti vyao, bila kelele, wakahamia upande wa kushoto.

Dakika ya themanini na moja, sifuri kwa sifuri. Kerlon akapokea mpira akiwa amesimama. Wawili mbele yake. Akainamisha bega ndani, na wote wawili wakaenda, hata refa alienda, na mimi kwenye ndoo yangu nilienda. Yeye akapita nje, kwenye ule upenyo wake wa zamani wa hatua mbili, njumu juu ya chokaa ya mstari na mpira usitoke. Krosi ya chini. Mshambuliaji wetu aliusukuma kwa goti, ukaingia.

Sikumbuki nilifanya nini. Fitzroy, aliyevuka nasi kuja kuona, anasema nilimpiga mgongoni na mkoba hadi ukafunguka.

Filimbi ya mwisho ilipolia Sookdeo alikaa chini kwenye majani akafungua bandeji ya goti. Nilipita karibu yake nikimfuata Quamina.

"Mama," akaniita, "wewe ndiye unayekaa na huyu?"

"Ndiye mimi."

"Nimecheza miaka kumi na sita. Leo nimemkaba vizuri nje, na nimemkaba vizuri ndani." Akatikisa kichwa. "Sasa niambie alipita wapi."

Quamina alikuwa amesimama mbele ya boneti ya gari lake, karatasi imelazwa hapo, kalamu juu yake. Ilikuwa ya Kerlon. "Miaka miwili," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mitatu."

"Tanti, mechi yake ya kwanza kuingia ndani ameivunja taa ya polisi."

"Hakuivunja, aliikosa. Mitatu, na nyumba ya kukaa, maana chumba changu nakihitaji kwa vitunguu."

"Miwili na nyumba."

"Miwili na nyumba ni kwa winga mwenye njia moja. Huyu wa njia mbili hujamwona sokoni kwa mtu mwingine yeyote. Nionyeshe mwingine, nami nanyamaza."

Quamina akakuna kidevu. Nilimwona analainika, ni jambo ninalolijua usoni mwa mtu, huanzia kwenye nyusi. Nusu dakika zaidi na ningekuwa nayo ile mitatu.

"Tanti," Kerlon akasema.

"Ngoja, baba, watu wazima wanaongea."

"Tanti, nimeshatia sahihi."

Alikuwa ameinama juu ya boneti kati yetu, jasho linadondokea karatasi, kalamu bado mkononi, na hakuna kati yetu sisi wawili aliyemwona akipita.